Jogoo wa Magogoni

Semina ilikuwa ya siku tatu, na siku ya pili mwezeshaji akatuachia saa nane mchana. Wenzangu wote wana watu wao Dar: huyu ana shangazi Tandika, yule mjomba Mbagala. Mimi mtu wa Njombe, ndugu yangu mjini alikuwa posho tu.

Kariakoo niliiogopa, simu yangu bado nailipia. Makumbusho ya Taifa nilishakwenda safari iliyopita, nikalikodolea macho fuvu la kale la Zinjanthropus mpaka mlinzi akaniuliza kama tunafahamiana. Basi nikaamua kupanda pantoni. Kwetu maji makubwa ni mto Ruhuji, bahari sijawahi kuivuka, na Magogoni kwenda Kigamboni ni shilingi 200 tu. Nivuke, ninywe dafu, nirudi.

Kwenye banda la kusubiria, mimi na suti yangu na kitambulisho cha semina shingoni, mama mmoja akanitazama juu mpaka chini akaniona wa kuaminika.

"Baba, nishikie huyu mara moja, nimesahau kapu langu pale dirishani."

Kabla sijauliza huyu nani, nina jogoo kwapani. Mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge, jicho moja limenikazia kama mdai.

Geti likafunguliwa. Pale watu hawatembei, wanamiminika: baiskeli, mikokoteni, wanafunzi, ndoo za samaki. Nilijaribu kusimama, miguu ikasimama, mwili ukaenda. Napata akili niko pantoni, nimebanwa kati ya guta la nyanya na bodaboda, na Magogoni inarudi nyuma.

Kigamboni nikasubiri. Pantoni iliyofuata ikaja, mama hayumo. Nikaona heri nimrudishie. Katikati ya maji tukapishana na pantoni nyingine, na pale ukingoni nikamwona: kapu kichwani, mkono mmoja unapunga, mdomo wazi. Nikamwinua jogoo juu kwa mikono miwili aone yu mzima. Abiria wenzangu wakapiga makofi.

Kufika Magogoni nikageuza papo hapo. Kumbe naye kageuza. Tukapishana tena, safari hii kwa mbali, na nilichoelewa ni kwamba hanipungii tena, ananitukana.

Nikangoja Kigamboni mpaka magharibi. Kijana mmoja akaniuliza bei.

"Siuzi."

"Sasa bosi, unamtembeza?"

Shilingi 800 zimeishia majini na dafu sijanywa. Nikarudi hotelini na mgeni wangu. Dada wa mapokezi akamtazama jogoo, akatazama daftari lake.

"Kaka, chumba chako kimeandikwa mtu mmoja."

Nikambembeleza mpaka akakubali. Jogoo akalala bafuni, akala wali wa kopo langu la semina, kuku nikamwondoa kwa heshima. Saa kumi alfajiri akawika. Bafu la vigae halihitaji spika. Chumba cha jirani wakagonga ukuta, naye akadhani anajibiwa, akaendelea.

Saa kumi na mbili niko Magogoni, macho mekundu kuliko jogoo mwenyewe. Mama yupo, amekaa kando ya kapu lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuniuliza nililala wapi. Alimpokea jogoo, akampima kwa mkono, akampuliza manyoya ya kifuani, kisha akaniinulia uso.

"Baba, mbona amepungua?"