Unataka GT used huku Mbeya? Anzia kwa fundi

Juzi naegesha pale Mafiat, dogo mmoja kazunguka gari yangu mara mbili halafu akanisogelea, "Shikamoo braza, hii ndinga bei gani?" Nikamtajia, akashangaa kusikia ni chini ya Harrier namba E, yani zilizosajiliwa miaka ya karibuni. Basi akatoa simu akaanza kunionesha anayoitaka yeye, Bentley Continental GT, zile za mwanzo zilizoanza kutoka 2003, injini ya lita 6 silinda 12 na turbo mbili, anasema siku hizi bei imeshuka mpaka mtu wa kawaida akijibana anafika. Nikamuuliza swali moja tu, fundi wako ni nani? Akabaki ananiangalia. Nimeondoka pale ile kitu inaniuma kwa sababu najua dogo ana hela ya jasho, ya viazi, na atakayemuuzia hatamuuliza hilo swali.

Hizi gari mimi nazipenda kutoka moyoni, sitaki mtu aseme nawakatisha tamaa. GT ni kifupi cha gran turismo, Kiitaliano hicho, yani gari ya safari ndefu: milango miwili, boneti ndefu, injini kubwa mbele, siti za nyuma za watoto, gari ya kukutoa mbali ukafika hujachoka. Na sisi barabara tunayo, TANZAM inapita katikati ya mji wetu, kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar, kwa hiyo mtu asikwambie gari kama hii ni ya Ulaya tu huku haina kazi. Ila bei ikishuka, inashuka bei ya gari, spea hazishuki na ufundi haushuki. Hiyo Bentley injini imejaa humo ndani mpaka mkono haupiti, kuna kazi haziwezekani bila kuitoa injini nje, sasa utaitolea wapi, gereji za Mwanjelwa?

Mimi nilichagua kwa kufuata fundi. Yangu ni Toyota Soarer ya 2003, ndo ile ambayo nje ya Japani iliuzwa kama Lexus SC 430, paa lake la aluminiamu linajikunja lenyewe kwa sekunde kama 25, V8 ya cc 4,300, farasi 280 kwa sababu kipindi kile watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasizidi hapo. Ile injini inaitwa 3UZ, na ndugu yake wa tumbo moja ni 2UZ ya cc 4,700 iliyoko kwenye Land Cruiser VX V8 ya petroli. VX zimejaa huku miaka na miaka, za serikali, za miradi, za wazee wa mbao Mafinga, na kuna mafundi wamezifungua mpaka wanazijua kwa kupapasa. Hapo ndo nikasema hii nanunua.

Na bado niliponea kidogo. Gari niliikuta yadi Dar, ina kilomita 98,000, nikamuuliza muuzaji taimingi belti, ule mkanda wa kwenye injini unaofanya vavu ziende sawa na pistoni, akasema ilishabadilishwa kabla haijapanda meli, mimi nikaamini nikalipa nikaanza safari, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, nikapanda mlima Kitonga nyuma ya semi za Tunduma, Iringa, Makambako, mpaka nyumbani, raha tupu. Kesho yake nikampelekea mzee wangu fundi. Akafungua boneti, hakugusa kitu, akaangalia tu kila upande halafu akasema, "Mwanangu, stika iko wapi?" Stika gani mzee? Akanieleza kwamba Japani gereji ikibadilisha belti huwa wanabandika stika humo ndani, imeandikwa tarehe na kilomita, na hizi Toyota belti inabadilishwa kwenye 100,000. Akafungua kava ya juu, akamulika na tochi ya simu, akaikunja belti kwa dole gumba. Nyufa, nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu anayelima kiangazi! Kwenye hii injini belti ikikatika pistoni zinagonga vavu, yani hapo huna injini tena, nikikumbuka Kitonga mpaka leo nasisimka.

Spea zilipanda basi kutoka Dar siku ya pili, belti, tensiona inayoikaza na waterpampu, kwa sababu waterpampu inazungushwa na belti hiyo hiyo, ukifungua moja ukaiacha nyingine utarudi kulipa ufundi mara mbili. Alivyomaliza kufunga hakukimbilia kuwasha, aliizungusha kranki kwa spana mizunguko miwili mizima, taratibu, anasikiliza, alama zikarudi pale pale, ndo akaniambia haya washa. Halafu akachukua makapeni akaandika kwenye kava kilomita na tarehe.

Kama unaagiza mwenyewe Japani, piga hesabu kabla hujatuma hata shilingi. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, gari ikizidi miaka 10 kuna 30 nyingine ya uchakavu, halafu VAT 18 juu ya mjumuiko wote. Zinapandiana hizo. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni bure, kifungue. Tairi nazo, yangu inavaa 245/40 rimu 18, sio ya kuingia tu duka lolote Kabwe ukaikuta. Mafuta lita moja kilomita nane mpaka tisa safarini, mjini tano, ndo ilivyo V8, ukiona nyingi usiinunue.

Lakini sasa panda nayo Makambako kwenda Njombe asubuhi ya Juni. Paa wazi, hita inapuliza miguuni, miwati na misitu ya paini pande zote, unatembea 80 tu na injini haisikiki kabisa, kona ndefu zinakuja moja moja unazilaza taratibu na mikono haina kazi ngumu. Watu wanadhani nguvu ya hizi gari ni kukimbia. Mimi naiona kwenye mlima, pale wengine wanapounguruma na wewe unaongea na abiria wako kwa sauti ya kawaida.

Yule dogo nimempa namba ya mzee, amesema atampigia. Mimi Jumamosi nampeleka mama Tukuyu, paa litakuwa limefungwa, maana likikunjwa linaingia kwenye buti na mama akishaenda Tukuyu harudi bila mkungu wa ndizi.