Bibi harusi, kuanzia kiunoni kushuka chini

Mjomba wangu ana studio ya picha Mwanga, hapa Kigoma: chumba kimoja, pazia la buluu, na kiti ambacho kila mtoto wa mtaa amewahi kukilia. Mimi ndiye mpwa "aliyesoma kompyuta", cheo ambacho ukoo mzima unakitumia kuniletea simu zilizoingia maji.

Jumamosi moja mjomba alipiga kazi mbili kwa kamera moja. Alfajiri alikuwa Kibirizi na mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyetaka picha za kuweka kwenye pakiti zake: mitumbwi inarudi na karabai, dagaa wanamwagwa, dagaa wanaanikwa. Jioni akawa harusini. Zote zikaingia kwenye kadi moja, jumla picha 412. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wanapanda treni ya Tabora siku chache tu baadaye, na shangazi wa bibi harusi alitaka albamu waione kabla hawajaondoka.

"Mpwa wangu ana programu," mjomba akamwambia. "Usiku mmoja tu, mama."

Programu nilikuwa nayo kweli. Niliiandika kwa C++, lugha ya kuandikia programu, juu ya OpenCV, maktaba ya kuchakata picha. Kazi yake ni kufungua picha, kurekebisha mwanga, kubandika jina la studio pembeni, kisha kuhifadhi. Tatizo lilikuwa laptopu ya mjomba, yenye ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4. Watu huangalia faili la picha, wakaona MB 7 au 8, wakadhani ndiyo picha yenyewe. Lile ni turubai lililokunjwa. Likunjue uone: kamera ya mjomba inatoa pikseli, vile vidoa vya rangi vinavyounda picha, 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24, na kila pikseli inadai baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Hizo ni baiti milioni 72 kwa picha moja ya mtu anakata keki.

Ningeiacha OpenCV ijipangie kumbukumbu, nisingekuwa na hadithi. Huwa inahesabu ni wangapi bado wanaitumia picha, na wa mwisho akimaliza, nafasi inaachiwa. Lakini mimi si nilisoma kompyuta? Nikaona kuomba MB 72 na kuziachia, kuomba na kuziachia, ni ubadhirifu. Nikatenga nafasi nne za kudumu, tuziite masinia, na vibarua wa kuzihudumia. Kibarua wa kwanza anafungua picha kuanzia mwanzo wa kadi, wa pili kuanzia mwisho, wote wanamwaga kwenye sinia lolote lililo wazi. Wengine wawili wanapakua kutoka kwenye sinia na kuandika kwenye diski. Na OpenCV ukiipa nafasi uliyoitenga mwenyewe, inaacha kuhesabu. Sinia lako, shauri yako.

Nilikosea mstari mmoja tu. Niliandika kwamba sinia liko wazi pale mpakuaji anapoanza kupakua. Nilitakiwa niandike anapomaliza.

Sasa fikiria mwenyewe. Faili la picha huandikwa kuanzia juu kwenda chini. Mpakuaji yuko katikati ya bibi harusi, ameshamaliza shela, ameshamaliza uso, anakaribia kiuno. Hapo anatokea kibarua wa mwanzo wa kadi, anaambiwa sinia ni wazi, anamwaga dagaa wa Kibirizi. Mpakuaji haulizi. Anaendelea kupakua.

Nilikagua picha tano za kwanza, zikawa safi kabisa. Mjomba alikuwa anaangalia mpira kwenye laptopu hiyo hiyo. Tukachapa, tukabandika, tukalala.

Jumatatu asubuhi shangazi aliifungua albamu juu ya kaunta, mbele ya wateja watatu waliofuata paspoti saizi. Ukurasa wa kwanza akatabasamu. Wa pili akatabasamu. Wa tatu akaleta miwani.

Bibi harusi alikuwa amependeza, nisiwe mchoyo wa sifa. Shela, mkufu, maua mkononi. Kuanzia kiunoni kushuka chini alikuwa dagaa. Dagaa wabichi, wanang'aa, wamejipanga kana kwamba fundi ndiye aliyewashona. Nguva kamili. Kurasa mbili mbele kamati nzima ya harusi ilikuwa imezama kwenye dagaa hadi kifuani, mweka hazina ameinua soda.

"Kijana," shangazi akasema polepole, "umeharibu kumbukumbu ya harusi."

"Shangazi, kwa kweli ni kumbukumbu yenyewe ndiyo iliyoleta shida. Niliiachia mapema."

"Uliisahau?"

"Hapana, kumbukumbu ya kompyuta."

"Kwa hiyo kompyuta imesahau kwamba mtoto wetu ana miguu?"

Nyuma ya pazia la buluu nilisikia mjomba anakohoa kikohozi cha mtu anayecheka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na saa ile nilizihitaji zote.

Shangazi akauchana ukurasa wa nguva, akatoka nje, akautia kwenye jiko la mama anayekaanga migebuka. Akarudi, akasimama nyuma ya kiti changu: "Futa. Nione kwa macho yangu." Nikafuta picha zote tisa zilizochanganyika. Nikauhamisha ule mstari mmoja, nikairudia kazi, na safari hii nikazikagua zote moja moja mpaka macho yakawasha. Albamu ikawahi treni.

Ijumaa mjomba akanipigia. Shangazi kamsimulia bibi harusi, bibi harusi kacheka mpaka kalia, na sasa anaitaka ile picha. Kubwa, yenye fremu. Pesa wanatanguliza.

Nikaurudisha mstari kwenye kosa lake. Nikaendesha. Bibi harusi akatoka na miguu miwili. Nikaendesha tena, miguu miwili. Kosa la namna hii hutegemea nani amemtangulia nani kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ukilihitaji linakuwa na adabu. Nikamwomba mjomba awashe mpira kama usiku ule. Hakukuwa na mechi, akaweka marudio. Mara kumi na moja, miguu miwili.

Mara ya 12 nguva akapatikana, mzuri kuliko wa kwanza, dagaa wamemkaa sawasawa kuanzia kiunoni. Ila ni mama mkwe.

Mjomba anasema tuichape hiyo hiyo.