Ilimba Haijakosea, Programu Ndiyo Haiijui

Siku hizi kijana wa Dodoma hana haja ya kupanda basi la Dar es Salaam ili ajue kurekodi. Chumba kimoja Nkuhungu au Area C, laptop, saundi kadi, maiki na hedifoni, studio imefunguliwa. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure. Reaper, kwa mtu binafsi, ni dola 60. FL Studio utaikuta kila mahali, nyingi zikiwa za kuchakachua, na hilo kila mtu analijua ila hakuna anayelisema. Masomo yamejaa YouTube.

Ninachogombana nacho ni mpangilio wa kujifunza. Mwanafunzi anaanza na biti, anaruka kwenye Auto-Tune (programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji), kisha anadai anajua kufanya masta, yaani kuupa wimbo umaliziaji wa mwisho. Hajawahi kuweka maiki mbele ya ala hata moja. Akiletewa mzee kutoka Chamwino na ilimba yake, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, anaisikiliza dakika mbili na kuamua kwamba imetoka kwenye tyuni.

Haijatoka. Watafiti wa muziki wa Afrika, Gerhard Kubik akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba noti za Wagogo zimejengwa juu ya sauti asilia zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi. Tupige hesabu kidogo. Msingi ukiwa mitetemo 110 kwa sekunde, sauti yake asilia ya saba ni 110 mara 7, yaani 770. Nenda kwenye kinanda: noti iliyo jirani ina mitetemo 784. Tofauti hiyo inakaribia theluthi ya nusu toni (hatua ya kutoka noti moja ya kinanda hadi inayofuata), na sikio la kawaida linaisikia bila shida. Kinanda kimegawanya oktavu vipande 12 vilivyo sawa, ilimba haikuombwa ifuate mgawanyo huo.

Auto-Tune sasa. Iliingia sokoni mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtu wa kuchambua mawimbi ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Kifaa cha ajabu, sikikatai. Lakini ukikiacha kama kilivyokuja, kinajua zile noti 12 tu. Mwimbaji wa Kigogo akiimba 770 sawasawa na ilimba yake, programu inamsukuma hadi 784. Ilimba imebaki pale pale. Sauti na ala vilivyokuwa vinakubaliana vinaanza kukwaruzana, na fundi anaongeza mwangwi kuficha kitu alichokiharibu mwenyewe!

Dawa ipo ndani ya programu hizo hizo. Nusu toni moja ni senti 100, na programu nyingi zinakuruhusu kushusha au kupandisha noti kwa senti. Rekodi ilimba kwanza, ipime, kisha kibodi na besi viifuate: ile noti ya 784 ishushwe senti 31 hivi. Ni kazi ya nusu saa, na itakufundisha mambo ya kimo cha sauti na masafa kuliko video kumi za "siri za maprodyuza".

Kosa la pili ni mvumo. Ilimba ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ukitetemeka unatoa ule mlio wa kuvuma. Umewekwa makusudi. Mwanafunzi akishajua kitufe cha kuondoa kelele anaukamata na kuufuta, ala inabaki kavu kama bati. Sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo na mtoto wa mkoa huu, alizofanya na lebo ya Real World ya Uingereza. Mvumo umo, na dunia nzima iliununua.

Kelele za kupigana nazo Dodoma ni nyingine. Upepo, kwanza. Ukirekodi nje, funika maiki kwa sponji au manyoya, na ukate masafa ya chini ya mitetemo 80 kwa sekunde kwenye sauti za waimbaji (kwenye ngoma usithubutu). Chumba cha saruji chenye mabati, pili: tandika magodoro, tundika mablanketi. Trei za mayai ukutani ni mapambo tu, tuambiane ukweli.

Na muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, una mapigo ya ghafla. Acha nafasi, kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya ukomo wa mita. Ukirekodi kwa biti 24 (kipimo cha ubora wa rekodi, si biti ya wimbo) huna sababu ya kupandisha sauti hadi juu kabisa, na sauti iliyokatika vichwa hairudishwi na pulagini yoyote, yaani kiprogramu cha ziada cha kurekebisha sauti. Halafu usiyavute mapigo yale kwenye mistari ya gridi, ile mistari ya mapigo iliyochorwa ndani ya programu. Yameegemeana yenyewe.

Najua jibu la wenye studio: mteja anataka isikike kama ya Dar. Sawa, mpe. Mteja ndiye anayelipa umeme. Lakini sauti ya Dar inatengenezwa Dar na watu waliotutangulia miaka mingi, na sioni kwa nini mtu asafiri kuja kwetu kununua nakala.

Kwa wanaofundisha kozi fupi hapa mjini, nina ombi dogo. Wiki ya kwanza mfungieni mwanafunzi pulagini zote. Alete rekodi mbili za ilimba moja, maiki ikiwa karibu na tundu na ikiwa mbali hatua moja, aeleze ipi ameipenda na kwa nini. Asiyeweza kueleza arudi akarekodi tena.