Mafuta Si Ua: Tunapima Nini Hasa Kwenye Mimea ya Dawa?

Tafiti nyingi za mimea ya dawa zenye harufu zina jedwali moja linalofanana: safu ndefu ya kemikali, kila moja na asilimia yake, na juu yake kichwa kinachodai kwamba hivyo ndivyo viambato vya majani au maua ya mmea fulani. Kichwa hicho kinanikera, maana mara nyingi si kweli. Kilichopimwa ni mafuta yaliyopatikana baada ya majani kuchemshwa saa tatu au nne. Moto huo una mkono wake katika matokeo, na msomaji ana haki ya kuambiwa.

Chukua kamomili. Ukikeneka maua yake, yaani ukiyachemsha na kupoza mvuke wake uwe kimiminika, mafuta yanatoka ya buluu iliyokolea, mazito, yanagandamana na kuta za kioo cha kupozea mvuke. Ubuluu huo ni wa kamazulene, nayo inatajwa kila mahali kama fahari ya kamomili. Lakini ua bichi halina buluu yoyote. Lina matrisini, isiyo na rangi, ambayo ikipata joto na maji inavunjika hatua kwa hatua hadi kuwa kamazulene. Kwa hiyo anayeandika kwamba ua "lina" kamazulene ameandika habari za chungu chake. Majorana, mmea mwingine wa majani yenye harufu, nayo vivyo hivyo: sabinene haidrati, iliyo nyingi kwenye jani bichi, inageuka kwa sehemu kubwa kuwa terpineni-4-oli wakati wa kukeneka.

Sisemi ukenekaji utupwe. Ni mbinu nzuri ajabu. Thimoli, moja ya kemikali za harufu, peke yake huchemka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, lakini kwa kuwa mafuta na maji havichanganyiki, kila kimoja kinachangia mvuke wake na mchanganyiko unachemka chini kidogo ya nyuzi 100. Ndiyo maana kifaa cha kioo cha kukenekea alichokieleza mtafiti Clevenger mwaka 1928 bado kimo maabara hadi leo. Ninachodai ni muda na hali viandikwe. Kwa kawaida kemikali nyepesi kama pineni hutangulia kutoka, zile nzito hufuata polepole. Aliyezima moto baada ya dakika thelathini na aliyesubiri saa nne wanaweza kutoa majedwali mawili tofauti kutoka gunia moja la majani, kisha tukaanza kubishana kuhusu udongo na msimu.

Wengine wanadhani tatizo limekwisha tangu ujio wa ule uzi mwembamba uliopakwa polima, uliobuniwa na mkemia Janusz Pawliszyn na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao unaning'inizwa juu ya sampuli kwenye chupa iliyofungwa ili unase harufu. Naupenda, kwa kuwa hauhitaji kuchemsha mmea wala kutumia kiyeyusho. Lakini uzi una upendeleo wake. Kemikali fulani unazikumbatia, nyingine unazigusa tu, kwa hiyo ukubwa wa kilele cha kemikali kwenye chati ya mashine ya kupimia haukuambii moja kwa moja kiasi kilichomo kwenye jani. Hata mashine yenyewe ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke, ina mlango wa moto, mara nyingi nyuzi 200 na zaidi. Alisini ya kitunguu saumu kilichopondwa haivuki mlango huo salama. Inavunjika, na mtafiti anasoma mabaki yake. Kwa alisini ni afadhali kromatografia ya kimiminika, isiyohitaji joto hilo.

Halafu kuna suala la kutambua majina. Hapa ndipo uvivu unapoumiza zaidi. Kompyuta inalinganisha alama za spektrometa ya tungamo, mashine inayovunja kemikali na kupima uzito wa vipande vyake, na maktaba yake, inatoa jina na alama ya juu ya ufanano, na mtu analinakili kwenye jedwali. Pineni, sabinene, limonene na ndugu zao wengi wana fomula moja, C10H16, na tungamo moja, 136. Wengi wao huvunjika kwa namna inayokaribiana sana, kile kilele cha kipande chenye tungamo 93 kikijirudia mara kwa mara. Ufanano wa asilimia 95 hapo haujamaliza kesi. Dawa yake ipo tangu 1958, pale mkemia Ervin Kováts alipoonyesha namna ya kupima muda wa kutoka kwa kila kemikali kwa kulinganisha na haidrokaboni zilizonyooka zisizo na kifungo maradufu, zile zinazoitwa alkani: yenye kaboni 10 inapewa 1000, yenye 11 inapewa 1100, na kemikali yako inapata namba yake katikati. Kuendesha mchanganyiko wa alkani ni kazi ndogo. Makala isiyo na namba hizo, mimi nisingeipitisha.

Asilimia zenyewe nazo hupotosha. Tuseme mmea wa kwanza unatoa gramu 0.1 za mafuta kwa kila gramu 100 za majani makavu, na asilimia 60 ya mafuta hayo ni thimoli. Wa pili unatoa gramu 2, thimoli ikiwa asilimia 40. Jedwali litamsifu wa kwanza. Ukipiga hesabu, wa kwanza una gramu 0.06 za thimoli na wa pili 0.8, yaani zaidi ya mara kumi na tatu. Bila kiasi cha mafuta yote, na bila kemikali ya kulinganishia iliyopimwa kwa uangalifu, asilimia hizo hazimsaidii anayetafuta kipimo cha dawa.

Na huyo anayetumia dawa ndiye ninayemfikiria. Wengi hawanywi mafuta yaliyokenekwa. Wanaloweka majani kwenye maji moto, wanapata sehemu tu ya harufu pamoja na vitu visivyopanda na mvuke, kama flavonoidi. Kama utafiti unataka kueleza kwa nini chai hiyo inamtuliza mtu tumbo, basi ipimwe chai hiyo, kikombe kikiwa kimefunikwa na kikiwa wazi, kando ya mafuta na kando ya jani bichi, na matokeo yote matatu yachapishwe pamoja.