Kina cha maji ya ghuba ya Manda

Ndege ya kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, haikufikishi Lamu. Inakushusha Manda, na kutoka pale unavuka kwa mashua. Ukibahatika kukaa dirishani siku ya anga safi, utaiona ghuba kabla ya kutua: mikoko iliyokolea kijani, vijito vinavyojipinda ndani yake kama mishipa ya mkono wa mzee, Lamu, Manda na Pate, kisha Ndau na Kiwayu zikififia kaskazini. Katikati ya umbo hilo lote lililopinda kuna kitu kimoja kilichonyooka kama rula. Ni gati tatu za bandari mpya ya Lamu, mita 1,200 zikiunganishwa.

Huku Nairobi, mtu akiitaja bandari hiyo, watu hugawanyika kabla chai haijapoa. Wa upande huu watakwambia Lamu imelala muda mrefu mno, iachwe iamke. Wa upande ule, wengi wao wakiwa wamekaa Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani Lamu, siku nne za Krismasi, watasema urithi unaharibiwa. Mimi naona wote wawili wanakosea historia. Wanaizungumzia ghuba kana kwamba haikuwa na shughuli hadi Machi 2012, Rais Kibaki, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais wa Sudan Kusini Salva Kiir walipokwenda kuuzindua mradi wa bandari ya kuzihudumia nchi zote tatu.

Ghuba hii ilikuwa ya bandari tangu mwanzo. Pale Manda wanaakiolojia walichimbua vyombo vya Uchina na Uajemi vya karne ya 9. Shanga, upande wa Pate, misikiti ilijengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8, na mji ukaja kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda kuezeka nyumba za Uarabuni hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kwa hiyo anayesema bandari ni kitu kigeni hapa hajaisoma Lamu. Ukitazama ramani, utaona pia kwa nini wahandisi waliipenda: visiwa vinakinga mawimbi, na mlango una kina cha asili. Walipomaliza kuchimba, kina kilifika mita 17.5. Ethiopia, isiyo na pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, ina haki ya kutafuta njia ya pili, nasi tuna haki ya kuiuza.

Hoja hiyo naikubali, na sioni haya kuikubali. Lakini historia hiyohiyo ina upande mwingine, na huo hausemwi katika hotuba. Miji ya ghuba hii ilipanda na kushuka kwa maji: kina cha mlango na utamu wa kisima. Takwa, pale Manda, ilihamwa kuelekea mwisho wa karne ya 17, na sababu inayotajwa zaidi ni visima kugeuka chumvi. Watu wakavuka kwenda Shela. Vizazi vyao bado hurudi Takwa kwenye ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kuomba mvua. Pate, iliyowahi kuwatisha majirani wote, mpaka leo mashua haiingii mjini maji yakikupwa. Abiria hushushwa Mtangawanda. Na mwaka 1812 hivi, jeshi la Pate na la Mazrui, watawala wa Mombasa, liliposhuka Shela kuishambulia Lamu, masimulizi ya Waamu yanasema kilichowamaliza ni maji kupwa. Walipotaka kukimbia, vyombo vyao vilikuwa vimekaa mchangani.

Nilieleweshwa jambo hili vizuri zaidi na mzee mmoja wa Faza, kisiwani Pate, anayekaa kwa mwanawe mtaani Pangani, hapa Nairobi. Tulikuwa mkahawani. Akachovya kidole kwenye chai iliyomwagika na kuchora mezani: hiki kisiwa, huu mlango, hapa wanapita wakati wa kaskazi. "Kusi ikivuma, mwanangu," akasema, "nje ya mwamba hakuendeki. Unavua humu ndani." Kidole chake kilikuwa kimesimama palepale penye gati.

Hapo ndipo hesabu ya bandari inapoanza kunitatiza. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mvuvi wa dau au wa mashine ndogo hana bahari nyingine ila hii iliyokingwa na visiwa. Meli hupenda utulivu huohuo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba mradi ulikiuka haki za wakazi, ikiwemo haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Gawanya mwenyewe: haifiki laki nne kwa mtu, kwa maji ambayo babu yake alivua na mjukuu wake alitarajia kuvua. Kisha yakaja mazungumzo ya kuitoa sehemu ya fidia kwa boti na zana za bahari kuu. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini boti ya bahari kuu inataka mafuta, barafu, nahodha aliyezoea huko na mnunuzi anayengoja ufukweni, na mtu wa dema na mshipi havipati kwa kukabidhiwa ufunguo.

Watetezi wa bandari watanijibu kwamba gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 na mikoko haijaisha. Kweli. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na eneo la bandari ni kipande kidogo chake. Ni kweli pia kwamba kelele zilisaidia: leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa bara mkabala na visiwa hivi, ilifutwa na Baraza la Rufaa za Mazingira mwaka 2019. Huo sina haja ya kuupimia mizani. Bandari naweza kuitetea. Makaa ya mawe kando ya mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001 hayakuwa na utetezi.

Zimebaki gati 29 kwenye mpango wa awali wa gati 32, na jiji zima lililochorwa nyuma yake. Hizi tatu zilikaa miaka yake ya kwanza zikipokea meli za kuhesabika, kwa sababu barabara ya kuelekea Garissa na mbele zaidi haikuwa tayari. Hakuna haraka, basi. Kabla ya gati ya nne, ningetaka kuona kwenye karatasi moja njia za madau wakati wa kusi, zikichorwa na wanaozipita, na jibu la wapi jiji hilo litapata maji ya kunywa, maana mji wa Lamu wenyewe unategemea maji yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na matuta hayo tayari yanapandwa nyumba za kifahari.

Mzee wa Faza hakuwa na hasira na bandari. Mwanawe wa pili anafanya kazi ya ulinzi hukohuko. Muuza mkahawa alipita na kitambaa chake, akaifuta meza, na ghuba yote ikaondoka. Mzee akaagiza chai nyingine na kuanza kuichora upya.