Kimya Hiki Kina Wenyewe

Ndugu na jamaa wanaponipigia simu kutoka Tanga, huniuliza swali moja kwa namna mbili. Waliochoshwa na kelele za mtaani huuliza, kwa utani wenye chembe ya wivu, kama ni kweli kwamba huku ninaamshwa na ndege. Wengine, shangazi yangu akiwa wa kwanza, huuliza ninawezaje kuishi mahali ambapo mtu anaweza kufa na jirani yake asijue mpaka wiki ya pili. Huu ni mwaka wangu wa saba Chorleywood, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na nimeanza kuamini kwamba pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinadhani kimya cha huku ni cha maumbile, kama baridi na ukungu, kitu ambacho wenyeji walizaliwa wakakikuta. Kimya hiki kilitengenezwa, kinalindwa kwa sheria, kinanunuliwa kwa fedha nyingi, na kina wenyewe.

Chorleywood iko Hertfordshire, kaskazini-magharibi mwa London, pale ambapo vilima vya Chiltern vinaanza kuinuka. Wenyeji hupenda kuiita kijiji, ingawa treni inakufikisha Marylebone, stesheni ya katikati ya London, kwa muda wa nusu saa hivi, na wengi wa wanaoishi hapa hawajawahi kupanda hata mche wa mahindi kwa ajili ya kuuza. Reli ilifika mwaka 1889. Kampuni ya Metropolitan Railway, tofauti na kampuni nyingine za reli, iliruhusiwa kubaki na ardhi ya ziada iliyopakana na njia yake, na mwaka 1919 ikaanzishwa kampuni mahususi ya kujenga na kuuza nyumba kwenye ardhi hiyo. Tayari tangu mwaka 1915 ilikuwa ikichapisha vijitabu vya kuyasifia maeneo haya, ikiyabandika jina la Metro-land: hewa safi, miti, bustani yako mwenyewe, na treni ya kukupeleka ofisini. Kwa hiyo kimya kiliingia sokoni mapema, kikauzwa pamoja na tiketi.

Biashara hiyo ingeachwa iendelee, mashamba yote yangekwisha. Kilichoizuia ni sheria ya mipango ya miji ya mwaka 1947, iliyomwondolea mwenye ardhi uhuru wa kujenga apendavyo bila kibali, na baada yake, mwaka 1955, serikali ikazihimiza halmashauri kutenga ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozuiwa kujengwa, kuzunguka miji. Ukanda wa London leo una eneo linalozidi mara tatu eneo la London yenyewe. Ndiyo maana dirisha langu la nyuma linatazama uwanja wa nyasi wenye farasi watatu, na ndiyo maana nina hakika kwamba mwakani farasi hao, au warithi wao, watakuwa palepale. Ninaufurahia uwanja huo kila asubuhi. Hata hivyo, mimi napanga chumba na sebule juu ya duka, na siwezi kujifanya sioni kwamba pale ambapo nyumba haziongezeki na wanunuzi hawapungui, bei hupanda mpaka watoto waliozaliwa hapa wanashindwa kurudi kuishi karibu na wazazi wao. Wanaowaogesha wazazi hao ni watu kama mimi, na wenzangu wengi huja kila siku kutoka Watford na kwingineko.

Adabu ya kimya ilinichukua muda mrefu kuisoma. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, ambako mtu hupiga hodi huku mguu mmoja tayari uko ndani. Huku hodi huanzia kwenye simu, siku mbili kabla. Idi yangu ya kwanza nilimpelekea jirani sahani ya vitumbua. Alishukuru mlangoni, akaipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni kitu cha kuvunjika, na baada ya siku tatu nikaikuta mlangoni kwangu imeoshwa ikang'aa, tupu, na juu yake kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono. Sahani tupu! Nilisononeka, kwa sababu kwetu sahani ya jirani hairudi bila kitu. Mwezi Agosti jirani huyohuyo akaniletea mamung'unya membamba ya kijani kutoka kwenye kishamba chake cha kukodi, mengi kupita kiasi, na wiki iliyofuata akaleta mengine. Nikatambua kwamba hesabu yake ya wema ilikuwa wazi tangu siku ya vitumbua. Ilikuwa ikingoja msimu. Vishamba hivyo, ambavyo halmashauri hukodisha kwa wakazi kwa ada ndogo ya mwaka, ndiyo mahali pekee ninapopajua huku ambapo watu husimama wakaongea mpaka chai ikapoa.

Salamu nazo zina mahali pake: njia za miguu. Sheria ya Uingereza inampa mpita njia haki ya kukatiza shamba la mtu, hata la tajiri, mradi njia hiyo imo kwenye ramani rasmi, na haki hiyo iliwekwa kwenye utaratibu wa ramani na sheria ya mwaka 1949. Mshale wa njano kwenye nguzo humaanisha njia ya waendao kwa miguu. Wa bluu humruhusu na mpanda farasi. Nikishuka kuelekea mto Chess Jumapili asubuhi, kila ninayekutana naye hunisalimu. Watu walewale, tukipishana mbele ya maduka, hutazama viatu. Sijapata maelezo ya kuniridhisha. Dhana yangu ni kwamba njiani hakuna hatari ya salamu kugeuka ugeni: kila mmoja anaelekea kwake, na neno moja halitadai kikombe cha chai. Sisi ambao salamu zetu huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mgonjwa wa juzi, tunaona neno hilo moja kuwa ni ubahili. Siku hizi naliona kuwa ni sarafu ndogo, lakini ni sarafu halali.

Saa nazo hazikubali kutafsirika. Lugha yetu imezihesabu saa kwa jua la karibu na ikweta, jua lisilobadili tabia. Huku, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya kutimia saa kumi alasiri na halionekani tena mpaka saa mbili asubuhi imepita. Mwezi Juni huwa bado linawaka saa tatu usiku, nami hubaki nikijiuliza kama neno usiku ni la kweli. Kwa anayefunga Ramadhani si jambo la mzaha. Na kwa mzee anayeishi peke yake, jioni ya Desemba huanza wakati ambapo kwetu watoto ndio kwanza wanatoka kwenda kucheza mpira.

Nisiwanyime wanaonionea wivu: ndege ni kweli. Mwewe wekundu, waliokuwa wametoweka kabisa England mwishoni mwa karne ya 19, walirejeshwa katika vilima hivi kuanzia mwaka 1989 kwa makinda yaliyoletwa hasa kutoka Hispania, na sasa wanazunguka juu ya paa zetu kama wapangaji wa siku nyingi. Kuna mama mmoja hapa anayewarushia mabaki ya kuku bustanini. Nilipomsimulia shangazi, ambaye maisha yake yote amewafukuza mwewe ili kuokoa vifaranga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo mama ana watoto wa kumwangalia.

Pia kimya hakijakamilika. Upepo ukivuma kutoka mashariki, barabara kuu ya M25, iliyokamilika mwaka 1986, husikika usiku kucha kama bahari ya mbali, na wiki za mwanzo nililala vizuri kwa kujidanganya kwamba ni bahari kweli. Jambo moja lililotoka hapa na kuenea duniani halikutoa mlio wowote: mwaka 1961 watafiti wa uokaji walibuni hapa Chorleywood namna ya kukanda unga kwa kasi kubwa, na mkate mwingi laini wa slesi unaouzwa Uingereza hutengenezwa kwa namna hiyo.

Linaloniudhi ni basi. Makazi haya yalichorwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu ya kufika stesheni, au mwenye gari, na kila mmoja hapa atafikia siku ambayo hana vyote viwili. Akitimiza miaka 70, dereva wa Uingereza hulazimika kuhuisha leseni yake kila baada ya miaka mitatu, na nimeona wazee wakiijaza fomu ile kwa hofu kubwa kuliko wanavyosubiri majibu ya hospitali. Wana kadi ya kupanda basi bure baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Basi lenyewe ni haba, na jioni halipo.

Bibi mmoja ninayemhudumia aliacha kuendesha miaka miwili iliyopita. Nyumba yake ina bustani inayoshuka hadi kwenye miti, na yeye na marehemu mumewe waliinunua kwa sababu ya kimya. Amenieleza hivyo mara nyingi, na hajutii. Muda wangu kwake ni nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Namvalisha, namtengenezea chai, tunaongea habari za mwewe. Ninapotia ufunguo mfukoni ili niondoke, huniomba nisiizime televisheni. Haitazami. Ameigeuzia mgongo, anatazama bustani, na sauti ameiongeza kiasi cha kusikika mpaka langoni.