Orodha ya Michango Iliyopanda Dodoma

Alhamisi jioni nilijinunulia soda baridi ya kujipongeza. Kituo chetu cha data cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vilikuwa vimeunganishwa, na mfanyakazi akifungua Horizon, programu yetu ya kuingilia kazini, anapewa kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya seva na yeye anaiona kwenye skrini tu, bila hata kujua imetoka mkoa gani. Hilo la kutojua mkoa ndilo lililonitokea puani kesho yake.

Kwa asiyezoea mambo haya: kila kituo kina podi yake, yaani seva zake za kupokea watu na kundi lake la kompyuta pepe. Dar tulikuwa nazo 120, Dodoma 40. Podi zikishashikana, unatengeneza ruhusa ya jumla, haki moja ya kuingia inayoshika makundi yote mawili. Humo unachagua mfumo utafute wapi: podi ileile tu, saiti ileile tu (saiti ni mahali podi zilipo, kwetu Dar au Dodoma), au saiti zote. Niliweka saiti zote. Mtu akiingilia Dar, mfumo huanza kutafuta Dar, ukikosa ndiyo unavuka. Isipokuwa umempangia saiti ya nyumbani na kuiambia ruhusa iifuate. Hapo utaanzia huko nyumbani kwake hata kama mwenyewe amekaa Posta anakula mihogo.

Sasa, Jumatano nilipokuwa najaribu mitambo, nililipangia kundi la wafanyakazi wote saiti ya nyumbani Dodoma. Nilitaka kuona kama laini ya mkoani itahimili. Ikahimili. Nikafurahi, nikaenda nyumbani, nikasahau kuifuta.

Ijumaa saa 2 na nusu asubuhi dada wa uhasibu akapiga simu. Printa imekufa.

Nikashuka. Printa inawaka, karatasi zimejaa, wino upo, foleni tupu kabisa. "Nimebonyeza mara 6," akasema. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaingia kwa akaunti yangu, nikachapa ukurasa wa majaribio. Ukatoka wa moto. Akaingia yeye, akachapa: kimya. Nikamuuliza anachapa nini. "Ripoti," akasema, huku akipunguza ukubwa wa dirisha haraka kuliko mtu anayechapa ripoti.

Ndipo nikaona kwenye skrini yake ikoni mbili zenye jina moja, moja juu ya nyingine. Nikajua nimeharibu wapi, au nilidhani nimejua. Ukishampa mtu ruhusa ya jumla, ile ruhusa ya ndani aliyokuwa nayo kwenye podi haiondoki yenyewe. Usipoiondoa kwa mkono, anaziona zote mbili. Ya ndani inampa kompyuta ya Dar daima. Ya jumla inafuata saiti ya nyumbani, yaani Dodoma. Mimi nilibofya ya juu kwa mazoea. Yeye hubofya ya chini kwa sababu, alivyonieleza, "hii si ndiyo mpya?" Alikuwa sahihi.

Na printa je? Printa zetu hugawiwa kwa sera ya kikundi, yaani mipangilio inayojiweka yenyewe kwenye kompyuta, iliyofungwa kwenye saiti ya Active Directory, daftari la Windows la watumiaji na kompyuta za ofisi, na saiti hujulikana kwa anwani ya kompyuta pepe, si kwa kiti alichokalia mtu. Kompyuta yake ilikuwa Dodoma, basi printa yake ilikuwa Dodoma. Kilomita 450 kwa barabara.

Hapa mtu mwenye akili angeshughulikia kwanza saiti ya nyumbani. Mimi ikoni mbili ziliniudhi zaidi. Tena kulikuwa na kijana wa ugavi aliyefungua zote mbili kwa mpigo: profaili yake, yaani mafaili na mipangilio yake, inatunzwa na programu ya FSLogix kama faili moja la diski, likishashikwa na sesheni ya kwanza (kule kuingia kwake kwa mara ya kwanza), ya pili inampa profaili ya muda, tupu. Alikuwa korido analia kwamba mafaili yake ya miaka yote yamefutwa. Basi nikaondoa ruhusa ya ndani kwa wote. Yaani nilifuta ikoni nzima, nikabakiza mbovu.

Kufikia saa 3 waliochelewa kufika kazini Dar wote walikuwa wanapandishwa Dodoma. Kompyuta 40 zikajaa. Watu wa Dodoma wenyewe wakaingia, mfumo ukakuta kwao pamejaa, ukafanya nilivyouamuru: ukavuka saiti, ukawapa za Dar. Printa ya uhasibu ikafufuka ghafla.

"Imepona," dada akanipigia, "lakini inachapa mambo ya watu. Hii ni ratiba ya vikao vya Dodoma."

Kabla sijajibu, simu ya mezani ikaita. Katibu muhtasi wa mkurugenzi, Dodoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, printa yangu hapa imetoa nakala 6 za karatasi imeandikwa WALIOAHIDI NA HAWAJATOA. Kamati ya harusi."

"Samahani sana mama, naomba uzichane."

"Namba 3 ni mkurugenzi. Laki mbili."

"Ameziona?"

"Anazo mkononi. Anahesabu nakala."

Nilikimbilia kwenye konsoli ya usimamizi. Nikafuta saiti ya nyumbani ya kundi la wote, nikapanga upya: kundi la Dar nyumbani Dar, kundi la Dodoma nyumbani Dodoma. Mkurugenzi, ambaye kwa karatasi ni mtu wa Dar lakini anakaa Dodoma, nikampangia yake binafsi, kwa kuwa ya mtu binafsi inashinda ya kundi. Nikamwambia dada: funga, fungua tena, jaribu sasa.

Akajaribu. Printa yake kimya. Nikahisi baridi mgongoni.

Alikuwa amefunga kwa ile alama ya X. X haimtoi mtu, inamkata tu; sesheni yake inabaki hai kulekule ilikokuwa, na akirudi mfumo unampeleka kwenye sesheni yake badala ya kumtafutia kompyuta mpya. Saiti ya nyumbani haiulizwi tena. Ilibidi nitafute sesheni kwa jina lake, nisome safu ya podi, imeandikwa Dodoma, nimtoe kwa nguvu. Halafu wengine wote waliokwama hivyo, mmoja mmoja.

Lakini nakala ya 7 ilikuwa imeshafika. Na haikuwa sawa na zile 6. Dada alikuwa ameihariri asubuhi hiyo, akaongeza safu ya maoni. Mbele ya namba 3 aliandika: "Huyu ni mzungushaji, apigiwe kila siku."

Saa 10 jioni mkurugenzi alituma laki tatu. Hakusema kitu.

Jumatatu kamati ya harusi ilinijia mezani, watu wanne, wamevaa vizuri. Walikuwa na ombi dogo tu: ile saiti ya nyumbani niirudishe Dodoma hadi Ijumaa, kwani wamebaki watu 11.